Shahada ya Kwanza ya Jenetiki ya Tiba: Inachofundisha, Inachokosa na Inachodaiwa

Jenetiki ya tiba ni tawi la elimu linalochunguza namna urithi wa kibayolojia, yaani maelekezo yaliyomo katika vinasaba ambayo wazazi huwapa watoto wao, unavyohusika na chanzo, utambuzi, kinga na tiba ya magonjwa. Katika nchi nyingi mtu haanzii hapo masomo yake ya chuo kikuu, bali hufika hapo baada ya kupita kwingine. Nchini Marekani daktari hulifikia tawi hili kupitia mafunzo ya ubingwa baada ya kuhitimu udaktari, ilhali mtoa ushauri nasaha wa kijenetiki hulifikia kwa shahada ya uzamili, njia iliyofunguliwa mwaka 1969 na chuo cha Sarah Lawrence katika jimbo la New York. Uingereza ni miongoni mwa nchi chache ambako kijana aliyemaliza sekondari ya juu anaweza kuomba moja kwa moja shahada ya kwanza yenye jina hilo, na vyuo vikuu kama Queen Mary cha London, Swansea cha Wales na Leicester vimekuwa vikiifundisha.

Utaratibu huo unazua swali lenye pande nyingi: je, fani inayogusa uzazi, ulemavu, kifo na siri za ukoo inaweza kufundishwa kwa kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajawahi kumhudumia mgonjwa, na akihitimu huyo kijana anakuwa nani katika mfumo wa afya? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba shahada hiyo ina thamani pale inapomfundisha mwanafunzi kufasiri, yaani kupima kwa ushahidi kama tofauti fulani katika vinasaba ina maana gani kwa mtu fulani wa jamii fulani; na kwamba kwa kipimo hicho hicho Afrika Mashariki ina haja kubwa ya elimu ya namna hii, mradi iambatanishwe na ajira na sheria zinazoipa kazi ya kufanya.

Msingi wa fani

Fani hii imejengwa katika ngazi tatu, na kila ngazi ina historia ambayo mwanafunzi hulazimika kuijua. Ngazi ya kwanza ni ya kanuni za urithi, ambazo Gregor Mendel aliziwasilisha mjini Brno mwaka 1865 baada ya majaribio yake ya njegere, na ambazo daktari Mwingereza Archibald Garrod alizihusisha na ugonjwa wa binadamu mwaka 1902 alipochunguza alkaptonuria, hali ambayo mkojo wa mgonjwa hugeuka mweusi ukikaa hewani. Ngazi ya pili ni ya kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vilivyomo katika kiini cha seli: idadi yake sahihi kwa binadamu, ambayo ni 46, ilithibitishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan mjini Lund, Sweden, na miaka mitatu baadaye kundi la watafiti wa Paris, akiwemo Jérôme Lejeune, lilionyesha kwamba watu wenye hali ya Down wana nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Ngazi ya tatu ni ya mfuatano wenyewe wa DNA, ambao muundo wake ulielezwa mwaka 1953, mbinu ya kuusoma ikabuniwa na Frederick Sanger mwaka 1977, na jenomu ya binadamu, yaani jumla ya vinasaba vyake vyote, ikasomwa kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 1990 na 2003, kabla ya mapengo yaliyobaki kuzibwa mwaka 2022.

Ugonjwa unaoziunganisha vyema kanuni za urithi, kemia ya protini na maisha ya jamii ni selimundu, ambao watu wengi huuita siko seli. Kosa linaloleta ugonjwa huo ni la herufi moja tu ya DNA, katika jeni ya beta-globini iliyoko kwenye kromosomu ya 11, ambako nafasi ya herufi A imechukuliwa na T. Kutokana na badiliko hilo, asidi ya glutamiki iliyopaswa kuwa ya sita katika mnyororo wa protini hubadilishwa na valini, himoglobini hugandamana pale oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti na ya watu wengine, na Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, akalitambua badiliko lenyewe la asidi amino kati ya mwaka 1956 na 1957.

Kwa nini jeni yenye madhara makubwa kiasi hicho ilienea namna hiyo? Jibu la swali hilo lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, aligundua kwamba wabebaji wa jeni hiyo, yaani watu walioirithi kwa mzazi mmoja tu na ambao kwa kawaida hawaugui, walikuwa wengi katika maeneo ya pwani na kandokando ya ziwa Victoria na wachache katika nyanda za juu zenye baridi, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba ubebaji huo humkinga mtu dhidi ya malaria. Ugunduzi huo umekuwa sehemu ya vitabu vingi vya kiada vya jenetiki duniani, na baadaye tafiti za Kilifi, katika Pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba kinga hiyo ni kubwa hasa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mwanafunzi wa Leicester au Swansea, atake asitake, husoma habari za Pwani ya Kenya na za ziwa Victoria kabla ya kufikia mambo mengine mengi ya fani yake.

Mtaala na mantiki yake

Shahada ya namna hii nchini England huchukua miaka mitatu, au minne pale mwanafunzi anapoongeza mwaka mmoja wa kufanya kazi maabara au nje ya chuo, na sharti kuu la kujiunga huwa ni kufaulu biolojia pamoja na kemia au somo jingine la sayansi. Mwaka wa kwanza kwa kawaida hufanana na ule wa shahada nyingine za sayansi ya uhai, kwa kuwa wanafunzi wote husoma biolojia ya seli, biokemia, fiziolojia na takwimu. Mwaka wa pili huingia katika jenetiki ya binadamu, biolojia ya molekuli na jenetiki ya makundi ya watu, pamoja na kazi za maabara kama vile kunakilisha kipande cha DNA mara mamilioni kwa mbinu iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Mwaka wa tatu hushughulikia jenetiki ya saratani, magonjwa yanayosababishwa na jeni nyingi kwa pamoja, tiba ya jeni na maadili, na kilele chake ni mradi wa utafiti ambao mwanafunzi hufanya chini ya msimamizi na kuuandikia ripoti.

Ndani ya mtaala huo kuna masomo mawili ambayo wanafunzi wengi hawayatarajii, nayo ndiyo yanayoamua kama shahada imewafaa. La kwanza ni hisabati ya uwezekano. Wazazi wawili walio wabebaji wa selimundu wana uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, asilimia 50 kwamba atakuwa mbebaji, na asilimia 25 kwamba hatairithi jeni hiyo kabisa. Lakini mtu asiyefunzwa hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu watakaofuata wako salama, ilhali kila mimba huanza upya na uwezekano ule ule. Kosa hilo dogo la kufikiri linaweza kuiingiza familia katika msiba wa pili, na kazi ya mhitimu ni kulisahihisha kwa maneno ambayo wazazi wataelewa.

Somo la pili ni bioinfomatiki, yaani matumizi ya kompyuta katika kuchambua data za kibayolojia. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni tatu na jeni za protini zipatazo 20,000, na kila mtu hutofautiana na jenomu ya rejea, ile inayotumiwa kama kipimo cha kulinganishia, katika mamilioni ya mahali. Mradi wa kwanza wa kuisoma ulitumia takriban dola bilioni tatu, ilhali leo kazi kama hiyo hufanywa kwa gharama inayokaribia dola 1,000 au chini yake. Hivyo ugumu umehama kutoka katika kupata data na kuingia katika kuielewa, na chuo kinachoendelea kuwafundisha wanafunzi kushika vifaa vya maabara bila kuwafundisha kuandika programu na kusoma hifadhidata kinawaandaa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa tayari hufanywa na mashine.

Kufasiri: kiini cha taaluma

Mwaka 2015 vyama viwili vya kitaaluma vya Marekani, kimoja cha jenetiki ya tiba na kingine cha patholojia ya molekuli, vilitoa mwongozo wa kufasiri tofauti za kijenetiki ambao sasa hutumiwa katika maabara za nchi nyingi. Mwongozo huo huigawa kila tofauti ya kijenetiki katika makundi matano: inayosababisha ugonjwa, inayoelekea kusababisha ugonjwa, ambayo maana yake haijathibitika, inayoelekea kutokuwa na madhara, na isiyo na madhara. Kundi la katikati ndilo linaloipima taaluma, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa kwamba ana tofauti isiyothibitika anaweza kuichukua kama hukumu, na daktari asiyeelewa jenetiki anaweza kumfanyia upasuaji au kumzuia kuzaa kwa sababu ya jambo ambalo baadaye litaonekana halina madhara.

Ili kuamua tofauti iwekwe katika kundi gani, mchambuzi huangalia kama inaharibu protini, kama inaonekana kwa wagonjwa wa ukoo mmoja na kukosekana kwa ndugu zao wazima, na zaidi ya yote kama imeenea miongoni mwa watu wenye afya; kwani tofauti inayopatikana kwa watu wengi wazima haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa adimu na mkali. Kigezo hiki cha mwisho ni chenye nguvu, lakini kina udhaifu: kinategemea watu wazima wa nani wamesomwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa kadhaa wenye asili ya Afrika waliambiwa wana jeni zinazosababisha unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo, ilhali tofauti hizo zilikuwa za kawaida miongoni mwa Wamarekani weusi na baadaye zikapangwa upya kuwa hazina madhara. Majibu hayo hayakutokana na hitilafu ya mashine wala uzembe wa daktari mmoja. Yalitokana na hifadhidata ambamo watu weupe ni wengi na Waafrika wachache, na kosa kama hilo linaweza kusahihishwa tu na mtu aliyefunzwa kuuliza data imetoka wapi kabla ya kuuliza inasema nini.

Upande wa pili wa jambo hilo ni wa matumaini. Bara la Afrika, ambako binadamu wa sasa wameishi kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, lina utofauti wa kijenetiki mkubwa kuliko mabara mengine, na utofauti huo umekwishaleta dawa. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas, Texas, wakiongozwa na Jonathan Cohen na Helen Hobbs, waliripoti kwamba takriban asilimia mbili ya Wamarekani weusi waliowachunguza walikuwa na nakala ya jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi, hali iliyowapunguzia lehemu mbaya katika damu, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba watu wenye hali hiyo waliugua moyo kwa nadra. Dawa zinazoiga hali hiyo ziliidhinishwa mwaka 2015, na leo huwatibu watu wa asili zote. Kwa hiyo kuwasoma Waafrika ni haki kwa Waafrika, na pia ni faida kwa sayansi nzima.

Mhitimu anakuwa nani?

Jambo linalopaswa kuelezwa waziwazi kwa kila mwombaji, na ambalo matangazo ya vyuo hayalisisitizi vya kutosha, ni kwamba shahada ya kwanza ya jenetiki ya tiba haimfanyi mhitimu kuwa daktari, haimpi leseni ya kutibu, na kwa kawaida haimpi hata usajili wa kutoa majibu ya vipimo hospitalini. Nchini Uingereza anayetaka kuwa mwanasayansi wa kliniki, yaani mtaalamu aliyesajiliwa anayechambua na kuidhinisha majibu ya vipimo vya jenetiki, hulazimika kushindania nafasi katika mafunzo ya miaka mitatu yanayolipiwa mshahara na kuambatana na shahada ya uzamili. Anayetaka kutoa ushauri nasaha wa kijenetiki huhitaji pia mafunzo ya uzamili, na anayetaka udaktari anaweza kuomba kozi ya miaka minne iliyotengwa kwa wenye shahada. Kazi ya kawaida ya maabara ya hospitali nayo hudai shahada yenye ithibati ya bodi ya fani hiyo, ithibati ambayo shahada nyingi za jenetiki hazina.

Hali hiyo haiifanyi shahada kuwa hasara, kwa maana milango yake mingine ni mipana: utafiti, kampuni za dawa, uchunguzi wa jinai ambao ulipata nguvu baada ya Alec Jeffreys kugundua alama za DNA katika Chuo Kikuu cha Leicester mwezi Septemba 1984, ualimu, na uandishi wa sera. Mfumo wa afya wenyewe umeongeza mahitaji, kwani England ilikamilisha mwaka 2018 mradi wa kusoma jenomu 100,000 za wagonjwa na jamaa zao, na mwaka huo huo ikaanza kuiingiza huduma ya jenomu katika hospitali zake za umma. Hata hivyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayefikiria kuisomea huko, akilipa ada ya mgeni ambayo huwa kubwa mara mbili au zaidi ya ile ya mwenyeji, anapaswa kujua kwamba thamani ya shahada hiyo hutegemea hatua ya pili aliyoipanga, na kwamba kurudi nyumbani na shahada ya kwanza pekee kunaweza kumwacha bila cheo kinacholingana na elimu yake.

Maadili si nyongeza

Fani hii ina historia inayoitia doa, na mtaala wa kweli hauifichi. Francis Galton, aliyebuni fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae, aliipa jina mwaka 1883, na chuo cha University College London (UCL), kilichoendeleza fikra hizo kwa miongo kadhaa, kiliondoa majina ya Galton na mfuasi wake Karl Pearson katika majengo yake mwaka 2020 na kuomba radhi mwaka uliofuata. Katikati ya matukio hayo kuna sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933 iliyolazimisha kufungwa uzazi kwa watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi. Wanasayansi waliounga mkono mambo hayo hawakuwa wajinga wa takwimu. Walikosa kukiri kwamba thamani ya mtu haipimwi kwa jeni zake.

Maswali ya leo ni ya aina nyingine lakini yana uzito. Jeni ya ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo katika utu uzima na ambao hauna tiba ya kuuondoa, ilitambuliwa mwaka 1993, na tangu hapo mtu mwenye afya anaweza kujua miaka mingi kabla kwamba ataugua. Wengi huchagua kutojua, na wana haki hiyo. Kipimo cha mtoto kinaweza kufichua kwamba anayeitwa baba si mzazi wake. Jibu la mtu mmoja ni habari ya ndugu zake wote, hata wale ambao hawakuridhia kupimwa. Tanzania ilitambua uzito wa jambo hili ilipotunga Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ambayo huweka uchukuaji na matumizi ya sampuli chini ya usimamizi unaohusisha Mkemia Mkuu wa Serikali, na mhitimu anayefanya kazi nchini humo hana budi kuijua sheria hiyo kama anavyoijua kemia ya DNA.

Haja ya Afrika Mashariki

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimejenga, chini ya uongozi wa watafiti kama Julie Makani, mojawapo ya makundi makubwa ya wagonjwa wa ugonjwa huo wanaofuatiliwa kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ni salama na ina manufaa kwa watoto wa Kiafrika wenye selimundu, wakati ambapo tiba ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwezi Novemba 2023, bado ina bei isiyofikika kwa nchi ambazo wagonjwa ni wengi. Pengo hilo kati ya mahali ugonjwa ulipo na mahali tiba ilipo halizibwi kwa misaada pekee. Linahitaji watu wa nyumbani wanaoweza kupima watoto wachanga, kusoma majibu na kubishana na watengenezaji wa dawa kwa lugha ya sayansi.

Selimundu si peke yake. Ualbino katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, husababishwa mara nyingi na kukosekana kwa kipande cha herufi takriban 2,700 katika jeni ya OCA2 kwenye kromosomu ya 15, kipande ambacho lazima kikosekane katika nakala ya baba na ya mama pia ndipo mtoto azaliwe na hali hiyo. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, na mama zao kutelekezwa kwa tuhuma za uzinzi au laana, maelezo hayo mafupi ya urithi hulinda maisha na ndoa. Vivyo hivyo upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulio wa kawaida katika maeneo ya malaria, huweza kufanya baadhi ya dawa zivunje chembe za damu. Ni hatari hiyo iliyosababisha dawa ya malaria yenye kloproguanili na dapsoni iondolewe sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha madhara yake kwa wagonjwa wa Kiafrika.

Vyuo vya kanda hii vina msingi wa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya kwanza ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, Makerere hufundisha bioinfomatiki katika ngazi ya uzamili, na mpango wa H3Africa, uliofadhiliwa na Marekani pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza katika muongo uliofuata mwaka 2012, uliwafunza watafiti wengi wa bara hili na kuacha maabara na mitandao inayoendelea. Njia ya busara kwa hiyo si kunakili shahada ya Uingereza neno kwa neno, bali ni kuongeza mkondo wa jenetiki ya binadamu katika shahada zilizopo, kuupa takwimu, bioinfomatiki na ushauri nasaha uzito sawa na maabara, na kuwafundisha wanafunzi kueleza urithi kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo wazazi wengi wataulizia maswali yao kliniki.

Juu ya hayo yote, mafunzo bila nafasi za kazi ni ahadi isiyotimizwa. Wizara za afya zinapaswa kuitambua kada ya wanasayansi wa jenetiki na ya watoa ushauri nasaha wa kijenetiki, kuziwekea usajili na ngazi za mishahara, na kuzipeleka kwanza katika upimaji wa watoto wachanga, mahali ambapo matokeo yake yanaweza kuonekana na kupimwa. Shahada ya kwanza ya jenetiki ya tiba inaweza kufundishwa kwa kijana wa miaka 19 bila hatari, iwapo inamweleza tangu siku ya kwanza mipaka ya anachosomea na kumpeleka hatua kwa hatua kwenye uwezo wa kufasiri. Kanda iliyoupa ulimwengu ushahidi wa uhusiano wa selimundu na malaria imekuwa chanzo cha data kwa miaka 70. Sasa inastahili kuwa pia na watu wake wenyewe wa kuisoma data hiyo na kuamua itumikeje kwa wagonjwa wao.